Begi Moja la Lukenya na Nelion

Mpwa wangu alinijia mwezi wa Novemba na swali alilodhani lina jibu la dakika tano. Ana miaka 26, anafanya kazi Industrial Area, na kwa miaka miwili alikuwa akipanda miamba karibu kila wikendi: Lukenya, kile kilima kilicho kando ya barabara ya Mombasa ukishapita Athi River, na mara mojamoja Hell's Gate kule Naivasha. Sasa tulikuwa tumepanga, yeye na mimi pamoja na mwongozaji, kwenda Mlima Kenya mwezi wa Februari, wakati uso wa kusini wa vilele huwa mkavu. Tungefuata njia ya Naro Moru hadi Austrian Hut, kibanda cha kulala kilicho chini ya vilele, kisha tujaribu Nelion, kilele cha pili kwa urefu mlimani, ambacho hufikiwa kwa kupanda mwamba kwa kamba.

"Mjomba," akaniambia, "nina elfu kumi na tano. Nataka begi moja tu. La Jumamosi Lukenya liwe hilohilo la mlimani. Ninunue lipi?"

Nimeulizwa swali hili na vijana wengi. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu jibu ninaloliamini leo silo nililompa siku ile. Siku ile nilimwambia kile ambacho kila mtu husema: nunua kubwa, begi kubwa utalikaza likiwa na vitu vichache, lakini dogo huwezi kulivuta likawa kubwa. Nikamtajia lita 65. Alikuwa ameshaliona dukani mjini, jipya, lina mifuko tisa na zipu kila upande, shilingi 14,500. Pesa zilikuwa zinatosha na swali lilikuwa limekwisha.

Kilichotuokoa ni kwamba jirani yangu analo begi la ukubwa huohuo, na nikamwomba mpwa wangu asubiri wiki moja tulijaribu kwanza kwenye mwamba.

Tulikwenda Hell's Gate, kwenye Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba wa volkeno wenye urefu wa mita 25 unaouona mara tu ukishaingia langoni. Ni mahali pazuri pa majaribio: unafika kwa miguu kwa muda mfupi, unafunga kamba juu, na mtu anaweza kupanda na kushuka mara kumi bila hatari kubwa. Nilimjazia begi blanketi, chupa mbili za maji, koti na viatu vya kutembelea, vitu kama vile angevibeba kwenye uso wa Nelion, nikamwambia apande nalo mgongoni njia ambayo huipanda kila mara bila shida.

Alipanda mita nne akasimama. Kwanza, mkanda wa nyonga, ule mpana wenye sponji unaoshika kiunoni, ulikuwa umelala juu ya hanesi yake, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kwenye kamba ya usalama. Karabina zote za pembeni, zile pete za chuma za kunasia kamba, zilikuwa zimefunikwa. Nilimwona akipapasa kwa mkono wa kulia, akigusa kitambaa na kurudi kwenye mwamba, akigusa tena. Pili, kila alipoinua uso kutafuta kishikio, kisogo cha helmeti kiligonga kifuniko cha begi na helmeti ikasukumwa mbele mpaka machoni. Alikuwa anapanda akitazama magoti yake. Tatu, begi lilikuwa limejaa theluthi moja tu, na hata baada ya kukaza kanda zote za pembeni, mzigo ulining'inia chini na kumvuta nyuma kila alipoegemea. Kulikaza kulipunguza upana, lakini fremu, ule uti mgumu wa begi, ilibaki na urefu wake uleule, kutoka kiunoni hadi juu ya kisogo.

Aliposhuka hakusema neno kwa muda. Kisha akaniuliza, "Sasa hili la kukaza lilikuwa la nani?"

Lilikuwa langu, na nilikuwa nimelirudia kwa miaka bila kulijaribu mahali linapotakiwa kufanya kazi.

Jioni ile tulifanya tulilopaswa kuanza nalo. Tulimwaga vifaa vyake vyote sakafuni sebuleni kwangu, tukachukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama, tukapima kitu kimoja kimoja. Kamba ya mita 60, kilo 3.8. Begi la kulalia, 1.3. Mkeka wa sponji, nusu kilo. Nguo za baridi na koti la mvua, 2.5. Chakula cha siku nne, 2.8. Maji lita mbili, ambazo ni kilo mbili hata ufanye nini. Hanesi, helmeti na viatu vya mwamba kwa pamoja, 1.2. Ukijumlisha na begi lenyewe la kilo moja na nusu hivi, ilikuwa kilo 15 na ushei. Hema halikuwamo, maana njiani tungelala kwenye mabweni na vibanda. Jiko, sufuria na vyuma vya kupandia vingebebwa na mpagazi tuliyekusudia kumkodi.

Kisha tukatenga upande mmoja vitu vya siku ya Nelion tu: maji lita moja na nusu, chakula kidogo, koti, taa ya kichwani, dawa za huduma ya kwanza, na viatu vya kutembelea, kwa sababu kwenye mwamba unavaa vile vidogo na hivi vingine unavibeba. Havikufika kilo tano.

Mirundo ile miwili sakafuni ndiyo iliyobadilisha mawazo yangu. Nilikuwa nimelitazama begi kama chombo chenye ukubwa mmoja wa kutafutwa katikati, kama mtu anayetafuta kiatu cha kuvaa shambani na kanisani. Lakini kati ya kilo 15 na kilo tano hakuna katikati. Begi la kazi mbili ni lile linaloweza kuvuliwa. Asubuhi ya safari lina kifuniko, fremu na mkanda wa nyonga. Asubuhi ya kupanda limeachwa gunia tupu lenye kanda mbili, na vile vingine vimebaki kitandani kibandani. Ukishaliona hivyo, unaacha kuhesabu mifuko na zipu. Unauliza vitu vitatu: kifuniko kinatoka? Fremu inatoka? Mkanda wa nyonga unatoka, au angalau sponji zake?

Begi la lita 65 la dukani halikuwa na hata kimoja kinachotoka isipokuwa kifuniko.

Kabla ya kwenda sokoni nilimpima mgongo. Hili nalisisitiza kuliko yote, na ndilo watu wengi huliruka. Mpwa wangu ni mrefu, anakaribia mita moja na sentimita 85, na muuzaji wa dukani alikuwa amempa moja kwa moja saizi kubwa. Lakini begi halivaliwi na miguu. Nilimwambia ainamishe kichwa, nikatafuta kwa kidole ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo. Halafu akashika kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma, juu kabisa ya mifupa ya nyonga. Kwa futi ya fundi cherehani nikapima kutoka ule mfupa hadi kwenye mstari unaounganisha vidole gumba. Sentimita 45. Urefu wake wote uko miguuni. Mgongo wake ni wa saizi ya kati. Lile begi kubwa lingemkalia matakoni, na uzito ambao ungepaswa kushikwa na nyonga ungerudi wote mabegani. Nimeona watu wakirudi kutoka mlimani na mabega yamevia damu, wakilaumu uzito, kumbe ni sentimita tano.

Kwa bajeti yake, begi jipya lenye sifa tulizozitaka halikupatikana mjini. Tukaenda kwenye masoko ya mitumba ya Nairobi: Gikomba mapema siku ya kufungua marobota, na baada ya Gikomba, Toi. Jumamosi tatu. Siyo kazi ya haraka, na simshauri mtu mwenye safari ya wiki ijayo aianze.

La kwanza lililotuvutia lilikuwa la lita 30, jepesi, safi. Kwa Lukenya lingefaa kabisa, kwa sababu pale unatembea dakika chache tu kutoka gari hadi mwamba. Kwa siku nne za Naro Moru begi la kulalia na nguo peke yake zingelijaza. Tukaliacha.

La pili lilikuwa zuri kwa nje kuliko yote tuliyoyaona, lita 50, na mpwa wangu alikuwa ameshatoa pesa mfukoni. Nikamwomba muuzaji niligeuze ndani nje. Kitambaa cha begi hupakwa kwa ndani tabaka jembamba la plastiki la kuzuia maji, na tabaka hilo huzeeka hata begi likiwa limekaa kabatini bila kutumika. Nilipopitisha kiganja kwenye kitako, kiganja kilinata. Nikasugua kwa kidole gumba, na tabaka likatoka kama ngozi ya mtu aliyebabuka jua, vipande vidogo vyeupe, na harufu ya uchachu iliyopanda mara moja. Begi la namna hiyo litashika mzigo, ila mvua litaipokea kama shuka, na vile vipande vitaingia katika kila soksi. Ukinunua mtumba, weka mkono ndani kabla ya kutazama nje.

La tatu ndilo alilolinunua, Toi, kwa shilingi 4,500. Lita 45, kilo 1.6 likiwa kamili. Kifuniko kinatoka. Mgongoni ndani ya mfuko mna ubao mwembamba wa plastiki na ufito mmoja wa alumini, vyote vinachomoka. Mkanda wa nyonga ni mwembamba kuliko nilivyotaka, lakini unachomoka wote. Juu pana ukanda wa kubania kamba na kitanzi imara cha kulivutia begi kwa kamba ya pili. Kitambaa ni nailoni ya denia 420 mwilini na nzito zaidi kitakoni. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, hivyo namba ikiwa kubwa uzi ni mnene. Mabegi mengi mepesi ya kutembelea yana denia 100 au 200, na hayo yakiburuzwa juu ya mwamba mkavu wa Lukenya kwa msimu mmoja utaona jua kupitia kitako chake.

Kasoro zilikuwapo. Bizimu moja ya pembeni ilikuwa imevunjika, na ushono wa kanda ya bega la kushoto ulikuwa umeanza kulegea pale inapoingia mgongoni. Pembeni palikuwa na mifuko miwili ya wavu ya kuwekea chupa, na kwa hiyo hatukufikiria lolote. Nitairudia.

Tulilipeleka kwa fundi viatu, si kwa fundi nguo. Kanda ya bega inabeba uzito wote kila unapolitupa begi mgongoni, na uzi wa nguo hauhimili. Fundi viatu alikuwa na uzi mnene wa nailoni na sindano ya kupenya ngozi. Alishona mshono wa umbo la sanduku lenye msalaba ndani, mara mbili, akaweka bizimu nyingine, akatoza shilingi 600. Zilizobaki kwenye bajeti zilinunua glavu na koti bora la mvua, na naamini zilifanya kazi kubwa zaidi huko kuliko ambavyo zingefanya katika zipu sita za ziada.

Tukarudi Fischer's Tower na begi lililovuliwa. Bila ufito, kifuniko wala mkanda, lilikuwa na gramu mia tisa hivi na lilimkaa juu mgongoni kama mtoto aliyebebwa kwa kanga. Helmeti iligeuka huru. Karabina zilionekana. Alipanda ile njia bila kusimama.

Februari ilifika. Siku ya kwanza hadi kambi ya Met Station, mita 3,050, ni barabara ya msituni na kila begi ni zuri. Siku ya pili ndiyo iliyotuonyesha bei ya uamuzi wetu. Juu ya msitu kuna ule mteremko wa tope na mafundo ya nyasi ambao mguu unazama hadi kwenye kifundo, na mvua ya mchana ilitukuta hapo. Ndani ya begi tulikuwa tumeweka mfuko mkubwa mzito wa nailoni, vitu vyote vikiwa humo, mdomo umesokotwa na kukunjwa. Kamba juu ilikuwa na mfuko wake. Hakikulowa kitu. Mfuniko wa mvua wa mwenzetu mmoja tuliyekutana naye njiani uling'olewa na upepo katika bonde la Teleki, akawa anaukimbilia kati ya milobelia. Mfuko wa ndani haupeperuki.

Lakini mabega yalimuuma. Mkanda mwembamba wa nyonga ulikuwa unateleza chini kila nusu saa kwa mzigo ule wa kilo 15, na alilazimika kuuinua na kuukaza upya. Nilimfundisha mpangilio: kwanza legeza kila kitu, kaza nyonga, kisha mabega, kisha vile vikanda vidogo vya juu ya mabega vinavyolivuta begi mbele, mwisho kifua, bila kubana pumzi. Ulisaidia kwa saa moja, ukarudi kuteleza. Kufika Mackinder's Camp kwenye mita 4,200 alikuwa na alama nyekundu mabegani pande zote mbili. Lile begi la lita 65, likiwa saizi ya mgongo wake, lingembeba siku ile vizuri zaidi. Sina shaka na hilo.

Usiku kule Austrian Hut, mita 4,790, tulizungumza juu ya mtu aliyeufahamu mzigo wa mwambani kuliko sisi sote. Juu kabisa ya Nelion, mita 5,188, kuna kibanda kidogo cha mabati. Ian Howell alikijenga mwaka 1970, na ili kukijenga aliupanda ule uso peke yake mara 13, vipande vya kibanda vikiwa mgongoni. Mpwa wangu alilitazama begi lake lililokuwa limening'inia kwenye msumari, akaanza kuchomoa ufito.

Tuliondoka kabla ya alfajiri, tukavuka mabaki ya barafu ya Lewis, ambayo kila ninapokwenda huwa imepungua, tukafika mwanzo wa mwamba na mwanga. Mwongozaji alitangulia, mpwa wangu katikati, mimi wa tatu. Kwa hiyo asubuhi nzima nililiona lile begi kutoka chini, na naweza kusema lilifanya tulichokusudia. Halikuyumba. Aliinua uso bila kizuizi. Mahali palipobana sana alilivua, akalifunga kwenye kitanzi chake, mwongozaji akalivuta juu, na nailoni ya kitako ikakwaruza bila kutoboka.

Kosa lilikuwa pale tulipopasahau. Katika mwanya mmoja, ambapo mtu hupanda akiwa amejibana mgongo upande huu na miguu upande ule, nilisikia mchaniko mfupi, kama wa karatasi ya unga. Mwamba ulikuwa umeukamata ule wavu wa pembeni. Chupa ya chuma yenye maji nusu lita ilitoka, ikagonga mara moja juu yangu, ikapita karibu sana na bega langu la kulia hivi kwamba niliusikia upepo wake. Niliisikia ikigonga mara tatu zaidi chini, kila mara mbali zaidi. Hapakuwa na watu chini yetu asubuhi ile. Mpwa wangu aliniita, "Mjomba! Mjomba!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na nilimjibu kwamba niko salama, na tukakaa kimya kila mtu mahali pake kwa muda.

Kitambaa cha wavu hakina nafasi kwenye mwamba. Tulipima mgongo, tulisugua tabaka, tulihesabu denia, halafu tukapita juu ya kitu dhaifu kuliko vyote kwa sababu kilikuwa kimezoeleka machoni. Kila begi lina mifuko hiyo, na barabarani hakuna anayeifikiria.

Saa saba mchana mawingu yalikuwa yameshafunika vilele na mwongozaji akasema tugeuke. Tulikuwa tumebakiza kiasi kidogo, lakini tulikuwa watu watatu kwenye kamba na kushuka kwa kamba kutoka kituo hadi kituo huchukua saa nyingi. Tuliingia kibandani giza likianza.

Je, ningemshauri tena vilevile? Kwa safari zake, ndiyo. Maumivu ya mabega kwenye tope la Naro Moru ni maumivu. Unapumzika, unakaza upya, unakunywa chai. Begi linalokuzuia kutazama juu ukiwa mita mia mbili angani ni jambo la aina nyingine. Kwa hiyo bei ya begi la kazi mbili, ambayo lazima ilipwe mahali fulani, ni afadhali ilipwe ukiwa unatembea. Lakini dada mmoja tunayepanda naye Lukenya aliniuliza swali lilelile mwezi uliofuata, naye safari zake ni za kuvuka mlima kutoka Sirimon hadi Chogoria na hema mgongoni, na anagusa mwamba mara tatu kwa mwaka. Huyo nilimwambia achukue kubwa linalomtosha mgongo, na kwa siku za mwamba aazime dogo. Yeye pia nilimpima kabla ya kumjibu, na kanda za mabega za mabegi mengi tuliyoyajaribu zilikuwa zimeachana mno kwa upana wa mabega yake. Hilo lilitumalizia Jumamosi nyingine mbili.

Mpwa wangu alirudi kwa yule fundi viatu wiki iliyofuata, mfuko wa kushoto ukiwa umechanika na wa kulia mzima. Aliomba mkanda wa nyonga uongezwe sponji, na mifuko yote miwili ya wavu iondolewe. Fundi aliugeuza ule mzima, akauvutavuta, akamwambia huu hauna shida, ni mmoja tu uliochanika.

"Najua," akasema. "Kata yote."